Binti yangu halali bila taa tangu tulipotoka pangoni, na baba yake anataka tuingie lingine

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Sakina, Arusha. Mume wangu ni Mchagga wa Marangu, mimi kwetu ni Muheza. Mtoto wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 10. Wa pili ni binti wa miaka 5. Wa mwisho bado wa mgongoni, ana miezi 11.

Desemba tulipanda nyumbani kama ilivyo desturi ya Wachagga. Sikukuu ilipopita, nyama imeisha na watu wamechoka kukaa, shemeji yangu mdogo akasema twende kwenye mapango, yale mahandaki waliyochimba wazee wa Kichagga kujificha. Watoto wakarukaruka. Tulikuwa watu 9, mimi mtoto yuko mgongoni nimemfunga kwa kanga.

Pale nje mwongozaji alitupa historia, na kwa kweli anajua kusimulia. Jinsi Wamasai walivyokuwa wakija kuteka ng'ombe, jinsi watu walivyoingia chini na mifugo yao, jinsi mlinzi alivyokaa na rungu penye mlango mwembamba, adui akiingiza kichwa tu anapigwa, mwili unatupwa mtoni. Mkubwa alifurahi sana. Binti alikaa kimya, nikadhani hasikilizi.

Tukaingia. Mle unatembea umeinama, pengine unachuchumaa kabisa. Nilipoinama, kichwa cha mtoto kikagonga juu. Akalia, na kilio cha mtoto mle ndani, Shangazi, kinarudi kutoka kila upande kama vile wako wanne. Nikageuza nikatoka. Binti akabaki na baba yake. Walipofika kwenye kimojawapo cha vile vyumba, shemeji akazima tochi yake na kumwomba mwongozaji azime ya kwake, eti waonje giza la mababu. Wanasema haikufika dakika. Mimi niliusikia ukelele wa binti huko juu nilikokaa kwenye majani. Aligoma kwenda mbele, akagoma kurudi, akakaa chini akakumbatia miguu ya baba yake. Mle hakuna nafasi ya kumbeba mtu, ikabidi avutwe mkono. Alitoka magoti yamechubuka, amejikojolea, watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Akasema, "Huyu si Mchagga, huyu ni wa Tanga."

Sasa ni mwezi wa tatu. Analala taa ikiwaka. Umeme ukikatika anakuja kitandani kwetu. Usiku anauliza kama geti limefungwa, ukimjibu anauliza tena. Adabu nayo imepungua: mlinzi wetu, mzee wa Kimasai ambaye walikuwa marafiki na alimchongea hadi kifimbo chake, siku hizi hataki kumsalimia, anapita amejificha kwenye sketi yangu. Nimemkanya, wapi.

Juni shule zikifunga tunakwenda Muheza kwa mama yangu. Mume wangu ameshapanga siku moja tuende Mapango ya Amboni. Anasema tumeona ya kwao, sasa tuone ya kwetu, na kwamba dawa ya woga ni kumrudisha mtoto pale pale alipoogopea. Mkubwa anahesabu siku. Mama yangu aliposikia akapiga simu: mtoto huyo asikanyage Amboni, kule kuna mzimu, na kwa hali aliyonayo huenda alishakumbwa na kitu huko Marangu, nimpeleke kwanza akaangaliwe. Na juzi kwenye grupu la wazazi wa shule mama mmoja kaandika kwamba popo wa mapangoni ndio wanaoleta ule ugonjwa wa Kagera.

Nimechoka kuwa katikati. Nikatae pango kabisa? Waende wakubwa mimi nibaki na wadogo? Na huyu binti, ni woga tu wa giza au kuna jambo?

Mama wa Watatu, Sakina

*

Marahaba, Mama wa Watatu.

Nitaanza na mlinzi wako, ambaye umemtaja kwa bahati tu katikati ya barua, kisha ukampita.

Mtoto anayeogopa giza anataka taa. Taa unamwashia, na bado anauliza geti. Anayeuliza geti anaogopa mtu. Rudi kwenye kile kilichotokea pale Marangu kwa mpangilio wake: mtoto wa miaka 5 anasimuliwa kwamba Wamasai walikuja, kwamba penye mlango mwembamba watu walipigwa rungu vichwani. Dakika chache baadaye anapitishwa kwenye mlango huohuo mwembamba. Ndugu yake mchanga anagonga kichwa palepale, analia, mama anatoweka naye. Halafu taa zinazimwa. Mimi na wewe tunasikia historia ya mambo yaliyokwisha. Yeye hana "zamani za kale" kichwani, kwake zamani ni jana, na jana Wamasai walikuja. Kisha anarudi nyumbani Arusha, na nani amekaa getini usiku na rungu kiunoni?

Kwa hiyo usimkanye tena kwa kutosalimia. Si utovu wa adabu. Anakimbia kwa akili yake ilivyomtuma.

Kabla hata ya kufikiria Juni, kaa naye mchana, mzee akiwepo kama atakubali, na najua atakubali maana aliyechonga kifimbo ana moyo. Mwambie ile habari ni ya kabla ya babu wa babu yake, watu waligombania ng'ombe, wakaacha. Huyo mkubwa wako wa miaka 10 mwongezee na lile ambalo waongozaji wengi hulipitia haraka: Wachagga wenyewe kwa wenyewe walipigana vibaya sana karne ya 19. Mangi Sina wa Kibosho, Mangi Rindi wa Moshi, Marealle wa huko huko kwenu Marangu, watawala hawa hawakuwa wakinywa mbege pamoja. Mahali pa kujificha chini ya ardhi pangemfaa mtu hata dhidi ya jirani wa ng'ambo ya korongo. Na katikati ya vita kulikuwa na masoko, wanawake wa Kichagga wanashuka na ndizi, wa Kimasai wanakuja na maziwa na ngozi. Hadithi ya adui mmoja ni rahisi kusimulia, ndiyo maana inasimuliwa.

Kisha jambo dogo la vitendo. Jioni, geti linapofungwa, mwache binti ashike kufuli. Mzee anavuta mnyororo, yeye anabana kufuli mpaka lilie "ta", anavuta mara moja kuhakikisha. Kila siku. Atakapouliza usiku kama geti limefungwa, utamjibu, "Si umelifunga wewe na babu?"

Sasa baba yake. Najua ataisoma safu hii, maana wanaume wa kwetu husema hawasomi mambo haya na wanayajua yote. Shemeji yangu, mimi pia ni wa mlima uleule, Machame. Mahandaki yale unayojivunia, na una haki ya kujivunia maana ni kazi ya mikono na majembe, yalichimbwa na nini? Na woga. Mtu asiyeogopa hachimbi shimo akalala humo na ng'ombe wake. Binti yako aliposikia habari ya adui akaona mlango mwembamba na akataka kutoka, alifanya hesabu ileile waliyofanya wazee. Ni Mchagga kamili.

Ulipocheka ndipo pakaharibika. Mtoto wa miaka 5 amejikojolea mbele ya ukoo, mtu mmoja tu angeweza kumsitiri, naye akacheka. Mchukue pembeni, wewe na yeye, umwambie maneno machache: "Siku ile nilicheka. Nilikosea. Sitacheka tena." Usimweleze kwa nini ulicheka, wala usimletee pipi baada ya hapo. Na ile ya "huyu ni wa Tanga" isirudiwe, hasa mnapokwenda Tanga.

Kuhusu dawa ya woga kuwa ni kurudi pale pale, una nusu ya ukweli. Woga unaokimbiwa kila siku hunenepa, hilo ni kweli. Lakini mtoto hurudishwa kidogo kidogo, na yeye ndiye mwenye kushika breki. Kwa bahati tuna mwalimu wa giza wa bure, naye ni kukatika kwa umeme. Ukikatika, mpe tochi yake mwenyewe, si ya simu, iliyo ndogo ya kutosha kiganja chake, na kazi yake iwe kuwapeleka wengine: "Tupeleke jikoni." Anayeongoza njia haogopi kama anayevutwa. Tandika blanketi juu ya meza ya chakula, kaka yake aingie naye, wazime wawashe wanavyotaka wao. Sheria moja: tochi ya mtoto haizimwi na mtu mwingine.

Nikupe na neno la kutumia huko mnakokwenda. Zamani kidogo niliingia kwenye mahandaki hayahaya na mjukuu wangu wa miaka 4. Tulifika kona ya kwanza, akasimama. "Bibi, nimeona." Umeona nini? "Nimeona." Nikamwambia bado kuna vyumba mbele, kuna mahali pa kupikia, kuna matundu ya hewa. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza muuza sera. "Nimeona, Bibi." Tukatoka. Nilikuwa nimelipa kiingilio kizima kwa hatua labda ishirini, nikanuna mpaka Himo. Lakini yule mtoto hajawahi kuogopa pango, na mwaka uliofuata aliingia mwenyewe mpaka mwisho. Tangu hapo kwetu "nimeona" ni neno la ukoo. Mtoto akilisema popote, pangoni, ziwani, hospitali kwa mgonjwa, msibani, tunatoka bila maswali na bila kumcheka. Hasemi "naogopa", kwa hiyo haoni aibu. Wafundisheni wote wawili kabla ya safari, na nyinyi wakubwa mlitumie kwanza ili waone linafanya kazi.

Haya, Amboni. Sisemi msiende. Ila mjue ni kitu tofauti na mlichoona Marangu. Kule kwenu mlima ni wa volkano, na yale ni mahandaki ya kuchimbwa na watu, ndiyo maana ni membamba kiasi cha mtu aliyeinama. Amboni ni pango la maumbile, mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari enzi ya Jurasiki, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Maji ya mvua hunyonya hewa ya ukaa, yakawa na uchachu kidogo, yakayeyusha jiwe taratibu mpaka yakaacha vyumba. Tone likining'inia juu huacha chembe ya chokaa kabla ya kuanguka, na chembe juu ya chembe hutokea yale mawe yanayoning'inia kama mishumaa iliyogeuzwa. Kwa wastani huongezeka kama milimita 1 kwa miaka 10. Mwambie mkubwa wako apime kidole chake halafu apige hesabu, na utakuwa umepata dakika kumi za ukimya kwenye gari. Mwambie pia ndiyo maana hayashikwi: mafuta ya mkono hubaki kwenye jiwe, chokaa haishiki tena, na pale pakafa.

Kuna vyumba virefu ambavyo unasimama wima na kutazama juu, na mtoto aliyetishwa na wembamba wa Marangu huenda akapumua vizuri zaidi hapo. Lakini kuna na vipenyo vya kubana, na mwanga ni wa tochi. Kama baba yao amewaonyesha kwenye simu mapango ya Ulaya, kama lile la Postojna kule Slovenia ambalo lilitandikiwa reli mwaka 1872 na watalii wanaingia wamekaa kwenye kitreni, awaambie mapema kwamba hapa treni ni miguu yao.

Hadithi za kule zipo tele, na safari hii chagueni wenyewe ipi asikie nani. Ile ya Osale Otango, aliyesakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950 na kujificha humo, mpeni mkubwa. Binti mpeni ile ya mbwa: wanasema aliingia Amboni akatokea mbali kabisa, wengine wanasema kwenu mlimani Kilimanjaro. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliopima mapango hayo mwaka 1994 walikuta kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote ni mita 900 tu, kwa hiyo mbwa huyo kama alifika Moshi alipanda basi. Mtoto wa miaka 5 atalicheka hilo wiki nzima. Mwombeni mwongozaji, kabla hamjaingia na kabla hajaanza kusimulia, aziache za kuuana. Atakubali, mradi aambiwe.

Na maswali mengine muulizeni palepale mlangoni, hela ikiwa bado mkononi. Panapobana kuliko pote ni wapi, na je, pako kabla ya nusu ya njia au baada yake? Mtu akitaka kurudi katikati, nani anamrudisha, au kundi zima linageuka? Leo popo wako upande gani? Kisha mwambie waziwazi: taa zisizimwe. Huu mchezo wa kuzima taa hauko kwa shemeji yako peke yake, mapango mengi ya utalii duniani waongozaji huufanya ili wageni waonje giza totoro, na kwa watu wazima ni kitu cha kukumbukwa kweli. Kwa mtoto ambaye hakuombwa ruhusa, mmemnyang'anya macho.

Popo sasa. Yule mama wa kwenye grupu msimcheke. Ugonjwa anaousema ni Marburg, uliozuka Kagera mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, na mara zote mbili ukatangazwa kwisha. Virusi vyake hukaa kwa aina moja ya popo wala matunda wanaolala mapangoni kwa makundi makubwa. Kuna watu waliowahi kuupata baada ya kutembelea mapango: la Kitum, Mlima Elgon upande wa Kenya, mwaka 1980 na 1987, na watalii wawili waliougua mwaka 2008 baada ya kuingia kwenye pango moja la Uganda. Ni wachache mno ukilinganisha na wanaoingia mapangoni kila mwaka, ila sababu ya kuwa na adabu na popo ipo. Popo hashikwi, hata aliyekufa, hata mtoto wa popo "mzuri". Penye popo wengi juu na kinyesi kingi chini, watoto hawapiti, mnageuza. Vumbi la kinyesi kile lina ukungu unaosumbua mapafu, kwa hiyo kama kuna mwenye pumu katika msafara, abaki nje. Hakuna karanga wala biskuti ndani. Mkitoka, sabuni na maji mpaka kwenye viwiko, kabla mkono haujagusa mdomo. Popo akimparua au kumng'ata mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa robo saa, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Na mtoto akipata homa ndani ya wiki tatu baada ya hapo, mwambie daktari kwamba mliingia pangoni. Ila mwambie pia mlilala Muheza. Mimi kinachonitisha zaidi katika safari yako yote si popo, ni mbu. Watoto waliokulia baridi ya Arusha hawajaizoea malaria kama watoto wa kule, kwa hiyo chandarua kwanza, na homa yoyote ipimwe bila kungoja.

Mchanga wa miezi 11 haingii. Si Amboni, si popote penye dari ya kuinamia. Mgongoni humwoni, na mwili wako umezoea kimo chako, haujui kwamba kuna kichwa kingine juu ya bega. Hilo umeshajifunza. Lakini si wewe wa kubaki nje kila mara. Gawaneni: baba aingie na mkubwa, watoke, kisha ashike mtoto na wewe uingie, kama unapenda. Ni kwenu. Umekulia Muheza na ninashuku hujawahi kuingia.

Mama yako. Usibishane naye kwenye simu. Amboni watu huenda kuomba na kuacha sadaka hadi leo, na mtakachokikuta kimewekwa, kitambaa au chungu au hela, hakiguswi wala hakichekwi, wafundishe watoto hivyo bila kuwaeleza mengi. Bibi akitaka kumwekea mjukuu mkono kichwani akamwombea dua, mwache, mkono wa bibi ni dawa. Lakini kwenda kwa mtu atakayemwambia mtoto kwamba kuna kitu kimeingia mwilini mwake, hapo nasema hapana. Kilichomuumiza ni hadithi, msimwongezee nyingine mbaya zaidi ambayo haina hata geti la kufunga. Ukifanya la kufuli na la tochi kwa mwezi mzima na bado halali, au akianza kukojoa kitandani au kukataa kula, mpeleke kwa daktari wa watoto, mweleze kila kitu kama ulivyonieleza mimi.

Safari yenyewe nitaipitia upesi. Sakina mpaka Muheza kwa Same, Mombo na Segera ni siku nzima kwa mtu mwenye watoto, asikudanganye dereva. Siku hiyo wala inayofuata msiende pangoni. Amboni iko kilomita 8 hivi kutoka Tanga mjini, njia ya Horohoro. Nendeni asubuhi, watoto wameshiba na wametoka chooni, kabla joto la Tanga halijawageuza. Raba za kufunga kamba, si kandambili wala yeboyebo, maana mawe yenye unyevu huteleza. Nguo zile ambazo hutazililia. Vitambulisho vya taifa mkononi, mlipe kiingilio cha wazawa. Ndani awe mwongozaji mbele, kisha mkubwa wako, kisha baba, kisha binti akiwa karibu yake kiasi cha kumshika mkanda, na mtu mzima mwingine nyuma ya binti. Asiwe wa mwisho kamwe, nyuma ya mtoto pakiwa giza anahisi kuna anayemfuata. Akiganda, baba achuchumae, tochi ajimulike uso wake mwenyewe na si macho ya mtoto, aongee chini chini. Asiseme "usiogope". Aseme, "Nimekushika. Mlango uko nyuma yako, pale penye mwanga. Tunakwenda." Wakatoke.

Na huenda asiingie kabisa. Huenda akafika pale mlangoni, akahisi ule ubaridi unaotoka ndani, akatazama mara moja na kusema "nimeona". Basi kaeni kivulini na mchanga na bibi yao, mmenye machungwa ya Muheza, mngoje wenzenu. Kiingilio chake kitakuwa kimeshalipwa. Msimkumbushe.

Shangazi